Mashairi ya Kuchekesha Yanavyomfunza Mtoto Kuchagua

Mzazi akimwambia mtoto wake mara kumi asichezee moto, mtoto husikia mara zote kumi, na mara ya kumi na moja huenda akauchezea. Si kwamba hana masikio. Onyo lenyewe halikumpa cho chote cha kuona kwa macho ya moyo wake. Nyumba yo yote yenye watoto imejaa maneno ya "usifanye hiki" na "usiguse kile" tangu alfajiri hata usiku, na mtoto huyazoea kama tuzoeavyo sauti ya mvua juu ya bati. Lakini mtoto huyo huyo akisimuliwa kwa mashairi habari za mtoto mwingine aliyeuchezea moto, na mashairi yenyewe yakiwa ya kuchekesha, ataomba asimuliwe tena kesho, na kesho kutwa atayakariri mwenyewe bila kuhimizwa na mtu.

Jambo hilo walimu wengi wanalijua. Lisilofikiriwa sana ni kwamba mashairi ya namna hii yanaweza kufundisha vibaya, hata kama mtungaji wake alikuwa na nia njema kabisa. Mtoto hashiki sana mawaidha yaliyomo katika shairi. Anachoshika ni yale yaliyompata yule mtoto wa katika shairi: aliangukia wapi, alipoteza nini, nani alimcheka. Basi ikiwa mwisho huo ulichaguliwa ovyo, somo litaharibika, maana mtoto hujifunza kutokana na mwisho kuliko kutokana na maneno ya mkubwa. Ushahidi mzuri wa jambo hili upo katika kitabu kimoja chembamba cha Kijerumani, ambacho kimepita mikononi mwa watoto kwa muda wa miaka zaidi ya 170.

DAKTARI NA DAFTARI TUPU

Katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, aliishi daktari mmoja jina lake Heinrich Hoffmann, aliyezaliwa mwaka wa 1809. Mnamo Desemba 1844 alikwenda madukani kumtafutia mwanawe zawadi ya Krismasi. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka mitatu. Daktari alitaka kitabu cha picha, lakini vyote alivyoonyeshwa vilimchosha yeye mwenyewe kabla hajamfikiria mtoto: hadithi ndefu, na mawaidha yanayoanza na kumalizika kwa kumwambia mtoto awe mwema. Akarudi nyumbani na daftari tupu, akamwambia mkewe kwamba atakitunga kitabu yeye mwenyewe.

Kazi hiyo haikuwa ngeni kwake kabisa. Alipokwenda kuwatibu watoto wadogo, wengi wao walimwogopa, maana katika nyumba nyingi wazazi walikuwa wakiwatisha watoto kwa kuwaambia kwamba wakikosa ataitwa daktari. Ni kosa linalojulikana mpaka leo katika nchi nyingi, na wauguzi ndio wanaolipa gharama yake. Mtoto akilia na kukataa kuguswa, Hoffmann alikuwa akitoa kalamu na kipande cha karatasi, akachora upesi upesi kijana asiyekubali kukatwa nywele wala kucha. Nywele zikaongezeka, kucha zikarefuka, mpaka kijana akawa kama kichaka. Mtoto alinyamaza ili aone kichaka kitafika wapi, na wakati huo daktari alikwisha kumpima.

Kijana huyo mwenye nywele ndiye aliyekuja kukipa kitabu jina lake, "Struwwelpeter", yaani Peter wa nywele timutimu. Kitabu kilipochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1845 hakikuwa na jina hilo, wala jina la daktari halikuandikwa juu yake. Nakala 1,500 za kwanza ziliuzwa upesi sana. Baadaye Hoffmann aliongeza hadithi nyingine hata zikawa kumi, na mwaka wa 1848 kitabu kikatolewa kwa Kiingereza pia. Hata mwandishi maarufu wa Marekani, Mark Twain, alipokuwa akikaa Berlin mwaka wa 1891 alikitafsiri upya kwa ajili ya binti zake.

Hadithi zenyewe ni fupi, na kila moja ina picha zake. Yupo Friedrich, kijana mkorofi anayepiga wanyama. Anamchapa mbwa kwa mjeledi mpaka mbwa anamwuma mguu. Friedrich analazwa kitandani na kunyweshwa dawa chungu, na mbwa anaketi mezani mahali pa Friedrich, anakula nyama yake na keki yake kwa utaratibu kabisa. Yupo Hans, ambaye akienda shule huangalia juu mawinguni na ndege, haangalii anapokanyaga. Kwanza anagongana na mbwa, na halafu anafika ukingoni mwa mto na kuendelea kutembea kana kwamba mto haupo. Watu wawili wanamtoa kwa miti mirefu, maji yanachuruzika, samaki watatu wanatoa vichwa kumcheka, na mkoba wake wa shule unakwenda zake na maji.

Yupo tena Paulinchen, msichana aliyeachwa peke yake nyumbani pamoja na kiberiti. Paka wawili wanainua miguu na kumkumbusha kwamba wazazi walikataza. Msichana anawasha, nguo inashika moto, na mwisho wake kunabaki majivu na viatu viwili. Paka wanalia mpaka machozi yao yanatiririka kama kijito. Mtu mzima akisoma hushtuka. Mtoto naye hushtuka, lakini pia huwatazama paka, na paka ndio wanaomwezesha kustahimili habari hiyo mpaka mwisho.

Iko na hadithi ambayo msomaji wa Afrika ya Mashariki ataona kama ameisikia nyumbani kwao, maana shujaa wake ni sungura. Mwindaji anatoka na bunduki na miwani, anachoka, analala juani. Sungura anakuja polepole, anavaa miwani, anaichukua bunduki, na kumwinda mwindaji. Mwindaji anakimbia mpaka kisimani na kutumbukia. Risasi inakwenda kuvunja kikombe cha kahawa cha mkewe, na kahawa ya moto inamdondokea puani mtoto wa sungura aliyekuwa amejificha hapo chini. Hapa anayekosa ni mtu mzima, na jambo hilo watoto hulipenda kupita kiasi. Linafaa kukumbukwa na kila atakayetunga: mtoto akiona kwamba wakubwa nao hupatwa na matokeo ya matendo yao, huacha kufikiri kwamba kanuni za dunia zimewekwa kwa ajili yake yeye tu.

WINO WA NIKOLAS

Sasa hadithi moja ya kitabu hicho yafaa itazamwe kwa makini, kwa sababu inagusa mambo makubwa zaidi kuliko kucha na nywele.

Mtu mweusi anatembea zake barabarani kwa amani, ameshika mwavuli kwa sababu jua ni kali. Wanakuja vijana watatu, Ludwig na bendera yake, Kaspar na mkate wake, Wilhelm na pete yake ya kuchezea, wote wakimcheka kwa sababu ya rangi yake. Mzee mmoja mrefu sana aitwaye Nikolas, mwenye kidau kikubwa cha wino, anawakataza. Hawasikii. Basi Nikolas anawakamata mmoja mmoja na kuwachovya katika wino kuanzia kichwani mpaka miguuni. Wanatoka weusi kuliko yule waliyemcheka, na picha ya mwisho inawaonyesha wakimfuata nyuma kwa mstari kama vivuli vilivyokatwa katika karatasi.

Hapana shaka Hoffmann alikusudia mema. Mwaka wa 1845 vitabu vya watoto wa Ulaya vilivyowakataza watoto wasimcheke mtu kwa rangi yake havikuwa vingi. Lakini tazama adhabu aliyoichagua. Vijana wamecheka weusi, na adhabu yao ni kuwa weusi. Hata Nikolas katika kuwakataza anasema kana kwamba weusi ni jambo la kuonewa huruma. Mtoto wa miaka mitano hasomi nia ya mtungaji. Husoma mwisho, na mwisho unamwambia waziwazi kwamba lililo baya kupita yote, linaloweza kumfika kijana mkaidi, ni kupata rangi ya yule mtu mwenye mwavuli. Mawaidha yanasema neno moja na wino unasema jingine, na wino ndio unaokumbukwa.

Si vigumu kuona namna ambavyo shairi hilo lingeweza kumalizika. Mvua ingenyesha, na mwenye mwavuli angekuwa mtu mmoja tu. Vijana watatu wangesimama wakilowa, wakifikiri maneno gani ya adabu yanaweza kumfaa mtu ambaye dakika tano zilizopita walikuwa wakimcheka. Watoto wangecheka vilevile, pengine zaidi, na mwisho wake ungetoka katika tendo lenyewe.

Hiki ndicho kipimo. Mbwa aliyechapwa anauma. Asiyetazama njia anaanguka. Nguo huungua ikiguswa na moto. Katika hadithi hizo tokeo limezaliwa na tendo kama mtoto na mama yake, na mtoto anayesikiliza anaweza kuliona linakuja kabla halijafika. Hapo ndipo akili yake inapofanya kazi. Lakini katika kitabu hicho hicho yupo Konrad, kijana anayenyonya vidole gumba. Mama akishatoka, fundi wa nguo anaingia mbio na mkasi mkubwa na kumkata gumba zote mbili. Mkasi huo hauna uhusiano wo wote na kunyonya vidole. Umetoka nje ya hadithi, umeletwa na mkubwa aliyekasirika. Watu wengi waliosomewa habari hiyo utotoni wamesema baadaye kwamba hawakukumbuka kitu kingine ila hofu, na mtoto mwenye hofu hajifunzi kuchagua, hujifunza kuficha vidole.

AMBALO HALIKUCHAGULIWA

Kuna jambo la pili, nalo hupitwa kwa urahisi. Shairi la kufunza uchaguzi hapana budi lihusu jambo ambalo mtoto anaweza kulichagua. Hoffmann ana hadithi ya kijana Philipp ambaye hawezi kutulia kwenye kiti. Anabembea mezani mbele ya baba na mama, mpaka anaanguka chali na kukivuta kitambaa cha meza pamoja na sahani, mkate na vyakula vyote. Kama kichekesho, hadithi ni nzuri. Lakini katika Ujerumani ya leo jina la Philipp huyo hutumiwa na watu kuitaja hali inayojulikana kwa waganga, ya mtoto ambaye mwili na mawazo yake havitulii hata akijitahidi. Mtoto wa namna hiyo hakuchagua kutotulia, kama vile mwenye kigugumizi asivyochagua kukwama katika neno. Akisomewa shairi la kumcheka, hana cha kubadili, na atakalojifunza ni kwamba yeye ndiye kichekesho.

Kwa hiyo kabla ya kutunga, mwalimu ajiulize: je, mtoto huyu alikuwa na njia mbili mbele yake? Kuchelewa kwa sababu ya kucheza njiani ni uchaguzi. Kuchelewa kwa sababu nyumba ni mbali na mto umefurika si uchaguzi. Kuchafua daftari kwa makusudi ni uchaguzi, lakini mtoto wa mkono wa kushoto anayelazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia hakuchagua mwandiko wake.

WAINGEREZA WALIVYOYAGEUZA

Katika Uingereza mashairi ya kuwaonya watoto yalikuwa mengi kabla ya Hoffmann, na mengi yalikuwa mazito. Isaac Watts, mtungaji wa nyimbo za kanisa, alitoa kitabu chake cha nyimbo za watoto mwaka wa 1715, na mojawapo ilimsifu nyuki kwa bidii yake. Watoto wa Kiingereza waliikariri kwa vizazi vingi, wapende wasipende. Mwaka wa 1865 Lewis Carroll alipochapisha hadithi ya Alice, alimfanya msichana huyo ajaribu kuukariri wimbo huo na kuukosea wote, nyuki akageuka mamba anayewakaribisha samaki kwa tabasamu. Kitabu hicho kilitolewa kwa Kiswahili mwaka wa 1940 kwa jina la "Elisi katika Nchi ya Ajabu", na wazee waliosoma zamani hizo wanaweza kukikumbuka.

Aliyeufikisha mchezo huo kileleni ni Hilaire Belloc, aliyezaliwa Ufaransa mwaka wa 1870, akakulia Uingereza na kuwa mbunge kuanzia mwaka wa 1906 hadi 1910. Mwaka wa 1907 alitoa kitabu cha mashairi ya maonyo kwa watoto, "Cautionary Tales for Children". Ndani yake Jim anamponyoka yaya wake katika bustani ya wanyama, na kabla hajafika mbali simba anamla, akianzia miguuni. Rebecca, ambaye hupenda kubamiza milango, anaangukiwa na sanamu ya jiwe. Belloc alikuwa akiwacheka watungaji wa zamani kwa ukali wa adhabu zao, na watoto walielewa mzaha huo mara moja: hapana mtoto aliyeamini kwamba kila mlango una sanamu juu yake.

Lakini moja katika mashairi hayo lina kweli isiyopitwa na wakati. Msichana Matilda anawaita wazima moto wa London kwa simu, na moto haupo. Wanakuja na magari na ngazi na maji, na shangazi yake analazimika kuwalipa ndipo waondoke. Majuma machache baadaye shangazi amekwenda kutazama mchezo, Matilda yuko peke yake, na nyumba inawaka kweli. Anapiga kelele dirishani kwamba kuna moto. Watu walio barabarani wanamjibu kwamba yeye ni mwongo. Belloc hakuhitaji kuleta simba wala fundi wa mkasi. Adhabu ya mwongo ni kutoaminiwa siku anaposema kweli, na mchungaji ye yote wa mbuzi aliyewahi kupiga ukelele wa chui bila chui anaijua habari hiyo.

MAWAIDHA YETU NA KICHEKO CHETU

Washairi wa Kiswahili hawakuwa nyuma katika kuwausia watoto. Mwaka wa 1858 Mwana Kupona wa Siu alimtungia binti yake utenzi wa wosia, ambao umesomwa pwani yote hata leo. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka wa 1962, aliwatungia watoto wake tenzi mbili, "Utenzi wa Hati" kwa binti na "Utenzi wa Adili" kwa mwana wa kiume. Hizo ni kazi za heshima, na msemaji ndani yake ni mzazi anayezungumza na mwanawe uso kwa uso. Kicheko hakikutakiwa hapo.

Kicheko chetu kwa watoto kimewekwa mahali pengine, katika ngano za sungura na fisi wakati wa jioni, na katika vitendawili. Fisi anayefuata harufu mbili katika njia panda mpaka anapasuka msamba ni somo la uchaguzi lililo kamili, na tokeo lake limetoka katika ulafi wake mwenyewe. Mambo haya mawili, yaani ufundi wa utenzi na ucheshi wa ngano, hayakukutanishwa mara nyingi katika darasa. Mwalimu angeweza kuyakutanisha. Katika Kenya adhabu ya viboko mashuleni iliondolewa mwaka wa 2001, na walimu wengi wamekuwa wakilalamika tangu hapo kwamba wamenyang'anywa fimbo bila kupewa kitu mahali pake. Shairi halitashika mahali pa kila kitu kilichofanywa na fimbo. Lakini lina uwezo mmoja ambao fimbo haikuwa nao kamwe, maana fimbo ilikuja baada ya mtoto kukosa, na shairi huja kabla.

Utenzi hufaa sana kwa kazi hii. Mstari wake ni wa mizani nane tu, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuusema kwa pumzi moja. Mistari mitatu ya kwanza ya kila ubeti hupatana kwa vina, na wa nne hurudia kina kile kile mpaka mwisho wa utenzi, hata watoto huanza kukingoja na kukibahatisha. Mfano kama huu unaweza kutungwa na mwalimu ye yote kwa jioni moja:

Palikuwa na kijana,
Kulala apenda sana,
Mbuzi alipewa jana
Amfunge kigingini.

Akasema: Kamba mbali,
Na jua hili ni kali,
Mbuzi hana ukatili,
Atakwenda wapi kwani?

Mbuzi naye kasogea,
Nguo juu zaelea,
Kaputula kachezea,
Akaimeza tumboni.

Kengele ilipolia
Nguo akaulizia,
Mbuzi akamwangalia,
Kifungo kipo kinywani.

Nyanya akatoa kanga,
Kiunoni akafunga,
Njiani akajikinga,
Wenzake wa dirishani.

Msomaji ataona kwamba katika beti hizo hakuna mkubwa aliyegomba. Kijana hakupigwa, wala hakuambiwa kwamba uvivu ni mbaya. Alikuwa na njia mbili, kufunga mbuzi au kulala, naye akachagua. Sababu alizozitoa ni zile zile ambazo kila mtoto huzitoa, kwamba kamba iko mbali na jua ni kali, na wasikilizaji watazitambua kwa aibu kidogo. Yaliyofuata yaliletwa na mbuzi, na mbuzi alifanya yale mbuzi wote wafanyayo. Nyanya naye hakumwacha mtoto akose masomo. Tokeo limefika, lakini mlango wa shule haukufungwa.

Hapa kuna mambo madogo ambayo huharibu kazi yakisahauliwa. Kijana wa utenzi asipewe jina la mtoto ye yote aliyemo darasani, wala la ndugu yake, wala kaputula isifanane na ya mtoto ambaye kila mtu anajua kwamba ana moja tu. Kicheko kinachomwangukia mtu aliye ndani ya chumba si mafunzo tena. Pia mwalimu asimalize utenzi kwa kuwauliza watoto wamejifunza nini, maana watoto wote wa dunia wanajua jibu linalotakiwa na watalisema kwa sauti moja kama kasuku, na lile walilolifikiri kweli litapotea. Afadhali arudi ubeti wa pili na kusimama hapo, kijana akiwa bado amelala na kamba bado iko mbali. Aulize kama palikuwa na njia ya tatu. Mtoto mmoja atasema angemwita ndugu yake amsaidie. Mwingine, ambaye kwao wanafuga, atasema angemfunga mbuzi kwanza na kulala baadaye, kwa sababu usingizi haukimbii.

Watoto wakubwa kidogo wanaweza kupewa beti nne za kwanza tu na kuambiwa watunge wa tano wenyewe, kwa kina cha "ni". Hapo mwalimu ataona mengi. Kuna watakaomleta baba na fimbo, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kuona mambo yakiisha. Hao wasikemewe, waulizwe fimbo hiyo itamrudishiaje kijana kaputula yake. Na mtoto atakayesema kwamba kosa lote ni la mbuzi, apewe nafasi asimame mbele ya wenzake na kulitetea shauri hilo mpaka kengele ilie.